Kambi ya RV na familia: usibuku picha, buku namba ya saiti

Watu wengi wakishapata RV, yaani hizi gari-nyumba, iwe yenye injini yake au trela ya kukokota, kitu cha kwanza wanachofanya ni kuingia mtandaoni kutafuta kambi yenye picha nzuri, ziwa kwa nyuma, miti, watoto wamezunguka moto, wanalipia hapo hapo afu ndo maswali yanaanza. Na mimi nilianza hivo hivo. Siku hizi naenda kinyume, naanza na gari, halafu watoto, halafu ndo kambi, na hata nikishaipata kambi bado sijamaliza, maana kambi moja inaweza kuwa na saiti 100, yaani zile nafasi zenye namba za kupaki RV moja moja, na kati ya hizo zinazokufaa wewe na watu wako zikawa 20 tu. Unakuta familia mbili zimelala kambi moja wiki moja, mmoja anaisifia mwingine anaiponda, na wote wanasema kweli, wamelala saiti tofauti basi.

Anza na tepu ya kupimia

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye karatasi za gari, shuka upime mwenyewe. Urefu unaanza ncha ya mbele kabisa mpaka mwisho wa nyuma, na mwisho wa nyuma sio bampa, ni ile reki ya baiskeli za watoto uliyoifunga jana. Kama ni trela, pima trela, pima na gari linaloikokota, maana kambi nyingine wakisema saiti ni ya futi 35 (kama mita 10.7) wanamaanisha kila kitu kikae humo humo, na nyingine wanahesabu trela peke yake, gari unalipaki pembeni. Huwezi kujua bila kuuliza. Urefu wa kwenda juu pima mpaka juu ya kiyoyozi cha paa, andika kwenye kikaratasi ubandike mbele ya dereva, kwa sababu ukishaliona daraja la chini hutakuwa na muda wa kuanza kukumbuka. Kama gari lako lina vile vyumba vinavyochomoka ubavuni, pima upana vikiwa vimetoka, hapa ndo wengi wanasahau, nikiwemo mimi.

Nieleze tu. Nilibuku saiti iliyoandikwa inatosha gari langu, na kweli urefu ulitosha, ila sikuuliza upana. Tumefika saa 2 na nusu usiku, giza, watoto wawili wanalia wa tatu amelala, mke wangu kasimama nyuma na tochi anapiga kelele "njoo, njoo, njooo, SIMAMA". Nimepiga rivasi kama mara saba, majirani washatoa viti nje wanaangalia. Mwishowe gari likaingia, nikabonyeza kitufe chumba cha ubavuni kitoke, kikatoka kama shubiri mbili kikasimama mbele ya nguzo ya umeme ya saiti, nguzo ile ile niliyotakiwa kuchomeka kebo. Na kitanda cha watoto kilikuwa ndani ya hicho chumba. Usiku ule tulilala watu watano kama dagaa, na kosa halikuwa la kambi, ramani yao ilionyesha nguzo iko wapi, mimi ndo sikuiangalia.

Kwa hiyo kama ni safari zako za mwanzo tafuta zile saiti za kupita moja kwa moja, unaingia upande huu unatokea upande ule, hakuna rivasi. Mara nyingi ziko wazi sana, hazina faragha, zimekaa karibu na barabara ya ndani, lakini usiku wa kwanza na watoto wenye njaa faragha sio shida yako kubwa. Saiti za kuingia kwa rivasi ndo huwa nzuri, zimejificha miti, ila utazifuata ukishazoea.

Na njia ya kufika uicheki pia, sio kambi tu. Mfano mzuri ni hifadhi ya Glacier kule Montana, Marekani, barabara yao maarufu ya Going-to-the-Sun kwenye kipande cha milimani hairuhusu gari linalozidi urefu wa futi 21 au upana wa futi 8, na vioo vinahesabiwa. Ukibuku kambi upande mmoja huku mambo yote uliyowaahidi watoto yako upande wa pili umeshajiletea kazi, itabidi utafute gari dogo au basi lao. Ramani ya kawaida ya simu haijui kwamba unaendesha nyumba, itakupitisha popote.

Umeme, hapa tulia kidogo

Kwa Marekani na Canada nguzo ya saiti huwa na soketi ya ampea 30 au 50, na watu wanadhani tofauti ni ndogo. Ampea 30 kwa volti 120 inakupa wati 3,600. Ile ya 50 ina waya mbili za moto, kila moja ampea 50, jumla wati 12,000, zaidi ya mara tatu. Sasa piga hesabu ya jioni ya kawaida, kiyoyozi kimoja cha paa kinakula kama wati 1,500, hita ya maji kama 1,400, mtu akiwasha maikrowevu apashe maziwa ya mtoto umeshapita, sakiti breka inakata na giza linaingia katikati ya kuoga. Haimaanishi saiti ya ampea 30 haifai, tumelala nyingi tu, ila mnakubaliana kabla, kinawaka kimoja kimoja. Ile adapta ya kuchomeka plagi ya 50 kwenye soketi ya 30 inasaidia kuchomeka tu, umeme haiongezi.

Ulaya ni volti 230 na kambi zinatoa ampea 6, 10 au 16, yaani wati 1,380, 2,300 au 3,680. Birika la umeme la wati 2,000 ulilobeba kutoka nyumbani kwenye saiti ya ampea 6 halikupi chai, linakukatia umeme tu. Kuna mabirika madogo ya safari, beba hilo.

Afu kuna kambi hazina umeme kabisa na mara nyingi ndo zile zenye mandhari. Yosemite, hifadhi nyingine ya Marekani, kambi zake hazina saiti ya kuchomeka umeme wala maji. Hifadhi ya Yellowstone, huko huko Marekani, kambi yenye kila kitu, umeme, maji na maji taka pale pale kwenye saiti, ni moja tu, Fishing Bridge, na hapo hema hairuhusiwi wala trela zenye kuta za turubai kwa sababu ya dubu. Kama ulipanga vijana wakubwa walale kwenye hema pembeni ya gari, hiyo ndo aina ya sharti unalotakiwa kulijua kabla hujalipa.

Bila umeme utategemea betri, sola na jenereta, na jenereta ina masaa yake kambini, usiku unaizima. Kwa hiyo mwenye mtoto anayetumia kifaa cha kupumulia au dawa ya kukaa kwenye friji aulize masaa hayo kabisa, asisubiri kuyasoma kwenye kibao getini. Na ukiiwasha isikae chini ya dirisha lolote, lako wala la jirani, moshi wake una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inaua watu waliolala.

Maji, na yale mengine

Hakuna anayependa kuongelea choo mpaka kijae. Saiti yenye tundu lake la maji taka unaunganisha bomba na mambo yanaenda. Saiti isiyo nalo unaishi kwa matangi, moja la choo, moja la maji ya kuogea na vyombo, na hilo la pili ndo linawahi kujaa. Mtu akioga dakika 5 kwa bomba la kawaida la RV ni kama lita 40, wakioga wanne ni lita 160, matangi mengi hapo yameshajaa, siku moja tu. Ndo maana kwa saiti za namna hii mimi naangalia sana mabafu ya kambi yakoje, kama ni masafi watoto wanaogea huko na matangi yetu yanadumu siku tatu nne bila shida.

Uliza pia sehemu ya kumwaga iko wapi, ndani ya kambi au kilomita 20 mbele, na kama siku ya kuondoka huwa kuna foleni. Jumapili kabla ya mchana huwa kuna foleni. Ukifika hapo unamwaga la choo kwanza halafu la sabuni, ili maji ya sabuni yasafishe bomba. Na hata ukiwa na tundu kwenye saiti usiache valvu ya tangi la choo wazi siku nzima, maji yanatoka yote, mzigo unabaki, unakauka ndani, na hiyo stori sitaisimulia hapa maana kuna watu wanakula.

Maji ya kunywa je, kuna bomba kwenye saiti au unajaza tangi getini? Lita moja ni kilo moja, ukijaza lita 150 umebeba kilo 150, ni heri ujaze karibu na kambi kuliko kuzipandisha mlima mzima.

Watoto wako wana umri gani?

Swali hili ndo linaamua kambi kuliko lolote. Mtoto wa miaka mitatu na saiti ya ukingoni mwa mto ni ajira, sio likizo. Tuliwahi kulala moja, nzuri mno, maji yanapita mita kumi toka mlangoni, na kwa siku tatu hakuna mzazi aliyekaa kwenye kiti zaidi ya dakika mbili, tunapokezana tu kama walinzi. Mwaka uliofuata tulichukua saiti mstari wa nyuma, mto uko kule, unaenda ukitaka, unarudi, mlango unafungwa. Kahawa nikainywa ikiwa ya moto.

Wa miaka sita mpaka kumi na mbili wanataka baiskeli na watoto wenzao. Kambi nyingi barabara zake za ndani ni za mzunguko, ukichukua saiti ya ndani ya mzunguko watoto wanacheza upande wa katikati bila kuvuka barabara, ukichukua ya nje unapata utulivu na msitu nyuma yako ila kila wakitoka wanavuka. Kama kuna uwanja wa michezo, saiti nzuri ni ile unayouona uwanja ukiwa umekaa, sio ile iliyobanana nao, hiyo ya kubanana utasikia bembea inalia kwii kwii kuanzia saa 12 asubuhi. Vijana wakubwa wanataka netiweki, ndo ukweli, na waifai ya kambi jioni watu wote wakiingia huwa inakufa, kwa hiyo usiwaahidi kitu.

Choo cha kambi kiwe karibu lakini sio mlangoni. Saiti mbili tatu kutoka chooni inatosha, mtoto anaenda usiku na tochi unamwona, lakini hupati taa yao dirishani usiku kucha, harufu, na watu wanaokatiza saiti yako na mataulo mabegani.

Halafu kuna masharti madogo ambayo yanavunja safari kabisa. Kambi nyingine binafsi ni za watu wa miaka 55 kwenda juu, watoto hawalali hapo. Nyingine hazipokei RV iliyozidi miaka 10. Nyingi zina idadi ya watu kwa saiti moja, mara nyingi 6 au 8, na magari mawili, kwa hiyo ukija na shangazi na wanawe uliza kwanza. Mbwa nao wana masharti yao. Muda wa utulivu kwa kawaida ni saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na kama una mtoto mchanga anayelia saa 8 usiku usijisikie vibaya sana ila chukua saiti ya mwisho wa mstari, una jirani mmoja badala ya wawili.

Angalia kutoka juu

Kabla sijabuku nafungua picha ya setilaiti. Kambi wenyewe hawatakuandikia kwamba reli inapita nyuma ya ukuta, setilaiti inakuonyesha. Naangalia reli, barabara kuu, kiwanda, halafu naangalia miti, kivuli kinaangukia wapi, saiti ziko mbalimbali kiasi gani. Jua la jioni linatoka magharibi na ndo kali, kama upande wa gari wenye friji na mlango utatazama huko utaumia. Ila kama unategemea sola kivuli hukitaki, hapo uchague moja. Matawi yaliyokauka juu ya saiti sitaki kuyaona. Na korongo kavu au sehemu ya chini kabisa ya kambi usilale hata kama mbingu ni nyeupe, mvua inaweza kunyesha mbali huko juu na maji yakakukuta umelala.

Uliza pia kama saiti iko sawa, haijainama. Hii sio anasa, friji nyingi za RV zinazotumia gesi zinahitaji gari lisimame sawa, zikiinama sana hazipozi na zinaweza kuharibika. Beba pima maji, hii ya mafundi, na vibao vya kuweka chini ya tairi, na kabari, lakini vibao havitibu saiti iliyoinama kama mlima.

Maoni ya waliolala pale nayasoma, ila sio ya nyota 5 wala yale ya mtu mwenye hasira na nyota moja kwa sababu mvua ilinyesha. Ya nyota 3 ndo yenye habari. Nasoma ya msimu ule ule ninaoenda, kambi ya mwezi wa nne na ya mwezi wa nane ni kambi mbili tofauti, mbu, vumbi, umati, na natafuta maneno kama choo, treni, kelele, tope. Watu wakitaja namba ya saiti naandika.

Kubuku

Hapa ni kuwahi tu. Kambi nyingi za serikali kuu Marekani zinabukiwa kupitia Recreation.gov na nyingi zinafunguliwa miezi 6 kabla ya tarehe, zile maarufu zinaisha ndani ya dakika chache, kwa hiyo siku hiyo uwe na akaunti tayari na namba za saiti tatu au nne mkononi sio moja. Ukikosa usikate tamaa, watu wanaghairi, chungulia tena wiki mbili za mwisho, hasa siku za katikati ya wiki. Soma masharti ya kughairi kabla na wewe hujawa mmoja wao. Ulaya kuna pia zile sehemu za kupaki usiku mmoja, Wajerumani wanaziita Stellplatz, Wafaransa aire, ni nzuri sana za kupumzika njiani lakini nyingi hazitaki utoe viti na turubai nje, usizichukulie kama kambi ya kukaa wiki na watoto.

Umbali nao uingie kwenye hesabu. Wenye RV wana msemo wao wa 3-3-3, usiendeshe zaidi ya maili 300 kwa siku (kama kilomita 480), fika kabla ya saa 9 alasiri, kaa angalau siku 3. Kwa watoto wadogo hizo maili 300 mimi nakata nusu. Ile ya kufika saa 9 siigusi, unajua kwa nini. Na kama ni mara ya kwanza kabisa buku kambi ya karibu, saiti yenye kila kitu, usiku 2 tu, ujue bomba gani linavuja ukiwa bado karibu na fundi wako.

Kuni usibebe kutoka nyumbani, chagua kambi inayouza au yenye muuzaji jirani. Kuni zinabeba wadudu, yule emerald ash borer aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 ameshaua mamilioni ya miti na kuni za watu kama sisi zimemsaidia kusafiri.

Siku ya kufika, usichomeke chochote kwanza. Simamisha gari, shuka, zunguka saiti kwa miguu na mtoto mmoja mkubwa, angalia juu, angalia nguzo iko wapi, chumba cha ubavuni kitatokea wapi, chini kama kuna tope au vichuguu vya siafu. Ikikukataa rudi ofisini muda huo huo uombe nyingine, kambi isipojaa kwa kawaida wanakubadilishia, lakini ukishafungua turubai na kutandaza viti inakuwa maneno marefu. Na mkishatulia, kabla ya kulala, toa daftari uandike. Langu ukurasa mmoja umeandikwa hivi: "42 nzuri, kivuli kuanzia saa 8, choo hatua 60. 43 na 44 taa ya choo dirishani. 51 usiguse, nguzo."